Vipande Arobaini

Jumanne tarehe kumi na moja Machi, saa tatu asubuhi, hospitali ilichoma mafaili ya karatasi na kuwasha mfumo mpya wa kompyuta. Nusu saa baadaye fundi viatu alimfikisha mapokezi mkewe aliyekuwa akihema kwa shida.

Karani aliandika jina la mgonjwa, akabonyeza, akakunja mikono. Ukurasa wa mgonjwa kwenye skrini uliundwa kwa vipande arobaini, na dawa haitoki stoo mpaka vyote vitimie. Cha kwanza, mstari mwembamba wa juu, kilitoka kwenye skrini kimevaa tai, kikamwamkia fundi, kikauliza jina la mgonjwa. Akakitajia. Kikarudi ndani kumwuliza baba yake kama kinaruhusiwa kuwa mstari. Baba naye akaenda kumwuliza babu. Ndipo kikaja cha pili, kivuli cha ule mstari, nacho kikauliza jina.

Cha kumi na mbili fundi alikishika mkono.

"Si nimeshawaambia wenzako?"

"Sisi hatuambiani, mzee. Kila mmoja anajitegemea. Ndivyo tulivyoundwa."

"Nikishona kiatu, soli haiendi kivyake kumwuliza mteja saizi."

"Pole, mzee. Mgonjwa anaitwa nani?"

Kitufe cha kutolea dawa kilikuwa cha arobaini. Kilifika saa sita kasoro dakika tano, kimechana nywele. Fundi akakitajia jina, maana ana adabu zake, ingawa mkewe alishafunikwa shuka tangu kipande cha thelathini na tatu. Dawa ikatoka hapo hapo.

Mkuu wa hospitali, bwana wa kiti cha kuzunguka, alimwita ofisini. Akamweleza kwamba mfumo ulijaribiwa kwa mgonjwa mmoja wa kubuni, ukafunguka mara moja.

"Mgonjwa wa kubuni hahemi," fundi alisema.

Mkuu akasema uzuri wa vipande ni kwamba vinatumika tena popote. Hapo hakudanganya. Kesho yake vilitumika ofisi ya makaburi, vikajipanga arobaini mbele ya jeneza, na waombolezaji wakasogea kuvipisha.

Ukurasa wa marehemu hakuna aliyeufunga. Kila Jumanne vipande huja kibandani, hukaa kwenye benchi la wateja, na fundi huvitajia jina huku akigonga misumari. Mkuu siku hizi anaongoza hospitali sita. Fundi amempelekea swali mara nne, kwa mdomo na kwa maandishi: kati ya wale arobaini, ni nani aliyepewa kazi ya kumwuliza mkewe anaumwa wapi?