Wavu wa Chalwe pale Kabuta

Mutu akipita na bwato ya motere kwenye ziwa la Mweru, watu wa kando wanamuuliza mambo mawili: umeleta nini, na unabeba nini. Hippolyte hakuwa na jibu hata kwa moja. Ndani ya bwato yake kulikuwa na pipa la esansi ya motere, sufuria mbili, gunia la unga wa muhogo, blanketi, na muke wake Ngalula, aliyekaa katikati juu ya kiti cha kamba akishika mwavuli.

"Munaenda matanga?" watu wa Nchelenge waliwauliza.

"Hapana. Tunaenda Pweto."

"Kufanya nini?"

"Kufika," Hippolyte alisema.

Walicheka, lakini hawakumwamini. Ilikuwa mwaka 1974, wakati wa kiangazi, na watu wa Zaire waliopitisha sukari ya magendo chini ya samaki walikuwa wengi. Polisi mumoja aliinua blanketi kwa fimbo. Chini yake alikuta blanketi ya pili. Akawaacha.

Kwenye karatasi za Zaire jina la muzee huyo lilikuwa Mwenze, kwa sababu serikali ya kule ilikuwa imekataza majina ya ubatizo. Upande wa Zambia hakuna aliyejali, basi alirudia kuitwa Hippolyte, kama mutu anayevaa tena shati lake la zamani.

Habari yao ilikuwa hivi. Hippolyte alifanya kazi miaka mingi kwenye bwato ya tajiri mumoja wa Kasenga, akiteremka muto Luapula kuchukua samaki na kupanda nao. Alikuwa fundi wa motere na tena mushika usukani. Halafu serikali ikachukua mali ya wageni, tajiri akaenda kwao, tajiri mupya hakujua hata mafuta yanaingilia wapi, na Hippolyte akabaki na motere moja ndogo ambayo hakuna mutu aliyeiulizia. Alijijengea bwato ya mbao. Alitaka kuishi ndani yake: kupita kijiji kwa kijiji, kubeba watu na mizigo, kulala pale giza linapomukuta.

Ngalula hakutaka. Miaka yote ile alikaa Kasenga akisikiliza motere ikienda na motere ikirudi. Sasa bwana wake alikuwa amezeeka, alitaka amuone nyumbani, wapande muhogo, waende misa wote wawili. Walibishana musimu muzima, hata katekista akaingia kati. Wakapatana hivi: waende pamoja mpaka Pweto, kwa jamaa za Ngalula, kule ziwa linapoishia. Kama Ngalula angefika bila kuomba kushuka, wangeishi majini. Kama angechoka njiani na kurudi kwa barabara, Hippolyte angemwachia motere mutu wa kwanza anayeitaka, na asiitaje tena mpaka kufa.

Kwa hiyo Hippolyte alimubeba muke wake kama yai. Kiti kile cha kamba alikisuka mwenyewe. Ngalula akitaka kuchota maji yaliyoingia ndani ya bwato, bwana anasema acha. Akitaka kushika kasia, acha.

"Mama Evariste, we kaa tu." Evariste ni mutoto wao wa kwanza, yuko Likasi.

"Nikae mpaka lini?"

"Mpaka Pweto."

"Baba Evariste, hata gunia la unga linageuzwa."

Hippolyte alimugeuzia mwavuli, akafikiri ni jua linalomusumbua.

Kashikishi walisimama kutafuta esansi. Soko lile ni samaki, moshi, na baiskeli zilizofungwa vikapu mpaka hazionekani magurudumu. Hippolyte alipokwenda na bidoni zake, Ngalula alibaki kwenye muchanga. Mufanya biashara mumoja wa samaki, Lackson, alikuwa anapakia lori karibu naye.

"Bamayo, mama yetu, munangojea nani?"

"Bwana wangu. Tumetoka Kasenga."

"Mabwana wanachelewa. Lori yangu inafuata muto mpaka Mansa. Kuko nafasi pale mbele, karibu na dereva. Utashuka ukiona Kasenga ng'ambo, unavuka, unalala kwako."

Ngalula aliangalia ile nafasi ya mbele. Ilikuwa na muto wa kukalia, wenye kitambaa cha maua. Hippolyte alirudi na esansi akamukuta bado anaangalia. Akaweka bidoni chini, akakaza vifuniko. Lori iliondoka, wao wakapanda bwato.

Sasa lazima nieleze jambo la miti. Mahali Luapula inapoingia ziwani kuna matete mengi sana, na njia inafunga hapa na kufunguka pale. Watu wa muto wanasimamisha miti mirefu majini, wanafunga fungu la majani juu yake. Ukiona muti wenye majani, pita hapo, maji ni marefu. Hippolyte alifuata miti ile maisha yake yote. Basi walipokaribia Kabuta asubuhi, akaona mustari wa miti yenye majani juu, akafurahi. Alisema: "Unaona? Hata hapa watu wana akili." Akaongeza mafuta, akapita katikati.

Lakini watu wa Kabuta wanasimamisha miti ile kuonyesha kwamba chini kuna nyavu.

Motere ililia, ikakamata wavu, ikazima. Bwato ilisimama ghafula, na Ngalula akateleza pamoja na kiti chake mpaka kwenye pipa. Mutumbwi ulitoka ufukoni haraka. Ndani yake alisimama mwanaume murefu, Chalwe, mwenye wavu. Kila siku alisema Kibemba, lakini matusi ya biashara aliyajua kwa Kiswahili.

"Weye! Macho uliacha wapi?"

"Niliona miti."

"Uliona miti, ukaingia! Ukiona mulango wa nyumba ya mutu, unaingia tu, unalala na bibi yake?"

"Kwetu ku muto, muti ni njia."

"Kwenu ku muto. Hapa ni ziwa, babu yangu, ba shikulu. Hapa muti unasema: pita mbali."

Ngalula alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Tangu Kasenga hakuwa amecheka hata mara moja, na bwana wake hakupenda kwamba imeanzia hapo.

Walivutwa mpaka ufukoni. Wakatoa kamba za wavu kwenye panga linalozunguka chini ya motere, kidogo kidogo, motere haikuharibika. Wavu ndio uliharibika. Ulikuwa na tundu ambalo mutu angeweza kulipitia na kikapu kichwani. Jessy, muke wa Chalwe, aliwapa kwanza bukari, ugali wa muhogo, na samaki, kwa sababu kwao hawahukumu mutu mwenye njaa. Walipomaliza kunawa, Chalwe akaleta shindano ya muti ya kushonea nyavu, na uzi, akamuwekea Hippolyte magotini.

Kwa watu wa ufuko ule, mutu akikata wavu wa mwenzake, hatoi kitu. Anashona. Mukono uliokata ndio unashona, na mutu haondoki mpaka wavu urudi majini ukiwa muzima. Wavu ulioshonwa na mukono mwingine, wanasema, samaki wanaugeuka.

"Mi najua kushona," Ngalula alisema. Baba yake alikuwa muvuvi wa Pweto. Alinyoosha mukono achukue shindano.

"Hapana, bamayo mukwai," Chalwe alimuzuia. "Mukono wako haukukata kitu."

"Mukono wangu haujagusa kitu tangu Kasenga."

Hippolyte akaanza. Vidole vilivyozoea spana havikuelewa uzi. Ngalula aliruhusiwa kumufundisha kwa mudomo tu, akakaa karibu, akamufundisha.

"Kubwa sana hiyo. Hapo hata kiboko anapita."

"Nikaze?"

"Kaza. Sasa umekaza sana. Hapo hata maji hayapiti."

Jioni tundu lilikuwa bado karibu vile vile. Kesho yake pia. Ngalula alichoka kuangalia. Alikwenda kwa Jessy, akamukuta amekaa mbele ya vikapu vya samaki wakavu, na hasira. Mwenye baiskeli aliyekuwa anamubebea samaki mpaka Kashikishi alikuwa ameanguka shimoni, gurudumu limekunjika kama mukate wa zamani.

"Wataingia wadudu," Jessy alisema. "Basi. Nitakula mwenyewe mpaka nioteshe mapezi."

Ngalula aligeuka, akaangalia bwato.

Alipomwambia bwana wake kwamba samaki wale atawapeleka yeye kwa bwato, Hippolyte alitaka kusimama, lakini wavu ulikuwa juu ya miguu yake, na Chalwe alikuwa mbele yake.

"Haujui motere, Mama Evariste."

"Nimeangalia mugongo wako tangu Kasenga. Sikuwa na kingine cha kuangalia. Unafungua mafuta, unavuta kamba, unaitukana, unavuta tena."

Chalwe akacheka. Hippolyte hakucheka, kwa sababu aliona muke wake anaingiza ndani ya bwato mukoba wake wa nguo. Mwanamuke anayepeleka samaki sokoni na kurudi jioni hachukui nguo zake zote.

"Mukoba ni wa nini?"

"Ni wangu," Ngalula alisema.

Walipakia vikapu, Jessy akapanda naye. Motere ilikohoa, ikawaka. Bwato ilitoka ikienda upande, kama mulevi, halafu ikanyooka, ikafuata ufuko kuelekea Kashikishi. Alizunguka miti kwa mbali sana.

Hippolyte alibaki anasikiliza. Motere ile alikuwa ameisikia miaka mingi, lakini kila mara yeye akiwa juu yake. Hakujua kwamba kutoka nchi kavu inasikika hivyo. Inapungua polepole. Unafikiri imekwisha, upepo unageuka, inarudi kidogo, na hapo ndipo inakwisha kabisa.

Alishona. Alifumua. Alishona tena mahali pale pale. Mwisho akamweleza Chalwe mapatano yote, na katekista ndani yake, kwa sababu hakukuwa na mutu mwingine wa kumweleza.

"Sasa akipanda lori?" Chalwe aliuliza.

"Akipanda, ni basi. Motere ni ya mutu wa kwanza anayeitaka."

"Mutu wa kwanza ni mi hapa." Chalwe alisema kwa muchezo, lakini aliendelea kuangalia ziwa. "Bwato yangu inaweza kuibeba."

"Inaweza."

"Nishonee tundu langu kwanza."

Upepo wa muchana ulikuja, ziwa likawa na mistari myeupe. Motere ilipita mbali. Hippolyte akainua kichwa. Ilikuwa ya mutu mwingine. Nyingine ikapita, nayo haikuwa. Jessy hakuwa amerudi pia, lakini Chalwe alipika mwenyewe, akala, akalala kidogo. Hippolyte hakula. Alisema samaki ana mifupa.

Jua lilikuwa karibu kugusa maji waliporudi. Waliwasikia kabla ya kuwaona: kwanza motere, halafu Jessy anacheka. Wote wawili walikuwa wamelowa mpaka kichwani. Vikapu vilikuwa vitupu, kasoro kimoja chenye chumvi na sabuni. Na mukoba ulikuwepo.

Ngalula alivuta bwato juu ya muchanga pamoja na Jessy. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakikamua.

"Lori ilikuwepo?" Hippolyte aliuliza.

"Ilikuwepo. Lackson alinifungulia mulango."

"Na juu ya nini haukupanda?"

"Jessy hajui motere. Bwato nani angerudisha?"

Hippolyte aliweka shindano chini.

"Ni hilo tu?"

"Pale sokoni lilikuwa hilo tu. Tukarudi. Upepo ukatukuta." Ngalula alikaa chini karibu naye, akaanza kuangalia mishono yake, moja moja. "Mayi ya ziwa yanakuja yote mbele yako, unayapasua, yanapita. Jessy analia, mi naimba. Miaka yote unarudi nyumbani, unasema umechoka."

"Nilikuwa nachoka."

"Muongo."

Hippolyte alikubali kwa kichwa. Halafu akasema: "Nimeisikia ikienda."

"Eeh," Ngalula alisema. Alimwonyesha mushono mumoja uliokuwa muzuri.

Wakati tundu lilipofungwa, Chalwe alitandaza wavu, akapima kila fundo kwa kidole cha muguu. Mahali pamoja palifunguka, akaagiza parudiwe, pakarudiwa. Wavu uliingia majini usiku mumoja, asubuhi ukatoka na samaki, si wengi, lakini wakatosha kusema umekubali. Chalwe alichagua wawili wakubwa akawafungia wageni kwa jani la mugomba. Jessy aliweka na yeye sombe ya majani ya muhogo.

Sasa njia ya kwenda Puta na Pweto ilikuwa wazi. Hippolyte alikuwa anakunguta muchanga kwenye suruali yake. Ngalula alikuwa ameshapanda, yuko nyuma, anafungua mafuta.

"Ba shikulu," Chalwe alisema kwa sauti ndogo, "motere ile, kweli hamuiuzishi?"

"Muulize mama."

Chalwe akaangalia bwato. Ngalula alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, muguu umekanyaga ubao.

"Aah," alisema. "Basi."

Motere ilikubali mara ya tatu. Hippolyte alisukuma bwato mpaka maji yakafika kiunoni, akapanda wa mwisho.