Sauti Tisini na Sita

...na mashine ya mahudhurio imekubali, hilo ndilo linalonitisha, mashine haikusita wala haikuuliza, mstari wake umegeuka kijani kama mistari ya wenzake, Bweni la Tatu, chumba cha kumi na nne, kitanda cha dirishani, yupo, na juu kabisa wameandikwa tisini na sita kati ya tisini na sita, asiyekuwepo hakuna, na chini yake kuna ujumbe nilioutunga tangu jana, zoezi la dharura limekamilika, wote wapo salama, hali ni shwari, rejeeni madarasani, na chini ya ujumbe kuna kitufe cha kutuma, na kidole changu kiko juu yake na hakishuki... "Dada, tuma basi," anasema Kamanda nyuma yangu, si kamanda wa chochote, ni mkuu wa ulinzi wa chuo, alipita jeshini miaka miwili na mpaka leo hajatoka, "watoto wa watu wanaungua na jua kule uwanjani," natuma, namwambia, mtandao unasumbua, na mtandao hausumbui, haujawahi kuwa mwepesi kama asubuhi ya leo, ni mimi tu, maana huyo wa kitanda cha dirishani tulimzika miezi minne iliyopita, nilikuwepo, nilisimama nyuma ya mama yake, karibu mno hata nikaona kibanio cha nywele alichosahau kukitoa, cha rangi ya chungwa, nikawa nakitazama hicho tu ili nisitazame chini, na leo saa nne kasoro, jua kali, ndege wanalia kwenye paa la maktaba kama siku nyingine, jina lake limesomwa na mtu ameitikia nipo.

Nimeisikia kwa masikio yangu haya, redio ya mkononi iko hapa mezani karibu na kikombe, Mama Bweni anasoma majina kama anavyosoma siku zote, kichwa chini, mbio mbio, anasoma na kubonyeza simu yake, anasoma na kubonyeza, chumba cha kumi na tatu, nipo, nipo, chumba cha kumi na nne, nipo... nipo, na ile ya pili ilichelewa kidogo, nyembamba, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, na nikaivuta redio karibu, kwa sababu sauti ile naijua, ilikuwa inaingia hapa ofisini kila wiki bila hodi, shangazi, ile taa ya nyuma ya maktaba imekufa tena, shangazi, leo ni ya kwenye ngazi, mpaka tukamwita Binti Taa, Kamanda alikuwa akimwona tu anasema haya jamani, fundi umeme wetu asiye na mshahara amefika, naye anacheka, anakaa kwenye kiti hiki hapa, ananisomea zile tahadhari za usalama ninazowatumia wanachuo simuni, eti shangazi unaandika kama barua ya serikali, nani atasoma hadi mwisho, andika tu msipite nyuma ya maktaba, kuna giza... "Ndiyo mzee," Kamanda yuko kwenye simu sasa, anaongea na Mkuu wa Chuo, amesimama wima utadhani mzee anamwona, "ndiyo, dakika saba na nusu mzee, bweni zima nje, hapana, vyumba vyote vimegongwa, vijana wangu wamepapasa hadi vitanda, hakuna mtu ndani," hakuna mtu ndani, hilo nalijua, naliona hata kutoka hapa dirishani, bweni tupu milango wazi, nguo zimetulia kwenye kamba, chuo chote kimya namna ambayo mchana hauna haki ya kuwa kimya, na dirisha la kumi na nne limefunguliwa, nani amelifungua sijui, pazia linaingia na kutoka, linaingia na kutoka...

Siku ile, miezi minne iliyopita, halikuwa zoezi. Waya uliungua kwenye stoo iliyo chini ya bweni, moto mdogo, moto wa kuchekwa, zimamoto waliumaliza kabla hata jasho halijawatoka, lakini moshi haukupita mlangoni, ulipanda na tundu la mabomba, ukatokea ghorofa ya pili chumba cha kumi na nne, na yeye alikuwa amelala, alikuwa amewaambia wenzake anakwenda mjini, akafika kwenye geti kichwa kikamgonga, akarudi, akameza dawa, akajifunika shuka mpaka usoni, hakuna aliyemwona akirudi, king'ora kililia yeye hakusikia, wenzake wakashuka uwanjani, Mama Bweni akasoma majina, na majina yote yakaitikiwa, tisini na sita, nami nikawaambia zimamoto wote wako nje, wakaniambia basi mama hakuna haja ya kupanda juu, na nikaandika wote wapo salama, hali ni shwari, nikatuma, simu elfu mbili zikalia chuo kizima kwa mara moja, nakumbuka ule mlio, nikaona fahari, Mungu anisamehe, nikaona fahari kwamba nimewahi... na kamati ikakaa wiki tatu ikaandika kwamba majina yalisomwa na yote yaliitikiwa kama utaratibu unavyotaka, na kwamba wanachuo wakumbushwe madhara ya kuitikiana, ndiyo, kuitikiana, maana hapa ndivyo wanavyoishi, anayetoka bila ruhusa ana mwenzake wa kumwitikia, nipo, na kesho mwenzake akitoka naye anamwitikia, wala hawaoni kama ni uongo, wanaona ni undugu, asiyemwitikia mwenzake anaitwa mchawi, na Mama Bweni anajua, mimi najua, Kamanda anajua, tulikuwa tunacheka nalo, na kamati haikuuliza siku ile aliitikia nani.

Wala haikuuliza kuhusu vichwa. Maana tunahesabu mara mbili, Mama Bweni anahesabu sauti na mlinzi wa geti anahesabu vichwa, na mlinzi siku ile alikuwa Babu Filimbi, alikuja hapa mlangoni akihema, karatasi mkononi, mwanangu vichwa ni tisini na tano, nikamwambia babu, sauti ni tisini na sita, akasema nimehesabu mara mbili, sauti ni sauti tu, kichwa ndicho chenye mtu, na simu zilikuwa zinalia, na Mkuu wa Chuo alikuwa kwenye laini, na wanachuo walikuwa wameshaanza kutawanyika, nikamwambia babu umezeeka, macho, wale watoto hawatulii, nikachukua karatasi yake, nikageuza tano kuwa sita kwa kalamu yangu mwenyewe, mkia kidogo tu, hata wino haukutofautiana, naye akanitazama, akageuka akarudi getini, na hata baada ya ile habari hakumwambia mtu, alistaafu mwezi uliofuata, aliponipa mkono wa kuaga aliushika muda mrefu, nikajua anajua na ataondoka nalo... na mimi nimebaki nalo, nala nalo, nalala nalo, na ile fomu ya kuondoa jina la marehemu kwenye orodha ya dharura inataka sahihi tatu, mbili zipo, ya tatu ni yangu, fomu iko kwenye droo hii chini ya stepla, miezi minne, kila Jumatatu naitoa na kila Jumatatu naona nikisaini nitakuwa nimemtoa mara ya pili, basi namrudisha chini ya stepla, nasema wiki ijayo, na ndiyo maana leo jina limesomwa, ni mimi niliyemweka pale, nimemwacha mlangoni siku zote hizi kisha nashangaa ameingia.

"Ofisi, ofisi," redio inakohoa, ni Mama Bweni, "mbona ujumbe hauji, hawa watoto wananimaliza kwa maswali," na Kamanda amemaliza simu yake, anainama juu ya bega langu, harufu ya kiwi ya viatu, anasoma kioo na karatasi ya geti iliyo mezani, "sauti tisini na sita, vichwa tisini na tano," anasema, "si ndiyo hesabu sawa, huyo mmoja si tunamjua alipo, Mungu amrehemu, mmesahau kulitoa jina, na hao watoto siku hizi hawana adabu, wanafanyia utani hadi marehemu, tuma dada, mimi nitaandika kwenye ripoti," na hakosei, vichwa safari hii ni sahihi, walio hai wote wako nje, hakuna moshi, hakuna moto, nikituma sitakuwa nimedanganya, na bado sibonyezi... nachukua redio, nasikia sauti yangu ikiuliza kama ya mtu mwingine, Mama, kumi na nne, nani ameitikia, "wote wameitikia," wa pili, Mama, wa pili nani, na redio inakaa wazi, upepo unavuma ndani yake, na nyuma yake wasichana wengi wanaongea kwa pamoja, kisha mmoja baada ya mwingine wananyamaza, "mwenzangu," anasema Mama Bweni polepole, "jina hili lilikuwa bado humu? Nimelisoma? Mimi nilisikia nipo nikabonyeza," na baadaye, sauti ya chini kabisa, "mwenzake wa chumba yuko hapa mbele yangu. Ananitazama tu."

Mwenzake wa chumba. Yule mrefu, wa sweta la kijivu, na sasa naisikia upya, nipo... nipo, ni koo moja, ndiyo, koo moja, ya kwanza yake na ya pili ameifanya nyembamba, amemwigiza, amemwigiza kama alivyozoea kumwigiza wakati Mama Bweni hatazami, na alichelewa kidogo kwa kuwa alikuwa anasubiri, wote walisubiri, uwanja mzima ulisikia jina la marehemu likiitwa mchana kweupe, na sekunde ile ikapita, na nani angeiziba isipokuwa yeye, angefanyaje, anyamaze? Na siku ile vilevile ni yeye, ni nani mwingine awe, alidhani mwenzake yuko mjini, akamfunika, nipo, kwa mapenzi, kwa undugu wa hapa, kisha saa saba akapanda ngazi kwenda kuchukua daftari lake... ni yeye aliyefungua mlango, ni yeye aliyempata, na tukampa mshauri vikao vitatu, na mshauri akaniandikia anaendelea vizuri, mwanachuo ametulia, nami nikaweka alama ya tiki, ametulia, na kila Jumanne nimekuwa nikimwona hapa nje mbele ya ubao wa matangazo, nusu saa nzima anasoma karatasi zilezile, Jumanne, siku ileile ya moto, nilidhani anamsubiri mtu, nilipita karibu yake na faili langu nikasema habari za masomo, akasema nzuri shangazi, akaniita shangazi, hakuwahi kuniita hivyo kabla... na juzi Mama Bweni aliniambia binti yule siku hizi ana moyo wa kutoa, anagawa vitu, viatu vyake vizuri, vitabu, hata ile redio yake ndogo, nikasema vizuri, malezi hayo, na sisi wenyewe tulibandika kwenye ubao dalili za mtu anayeweza kujidhuru, nilizipiga chapa mimi, ya nne kutoka juu ni hiyo, anagawa vitu vyake vya thamani, yeye amekuwa akisimama anaisoma na mimi nilikuwa ndani nikinywa chai.

Miezi minne anaamini neno lake moja ndilo lililomuua mwenzake, na kamati imemsaidia kuamini, imeandika na muhuri imepiga, na mimi ninayejua kwamba sivyo, ninayejua kwamba mzee mmoja alisimama kwenye mlango huu akasema mmoja hayupo, nimemwacha alibebe peke yake kwa sababu likishuka kwake litapanda kwangu... "Dada," anasema Kamanda, sasa bila utani, "kuna nini, wewe unaumwa?" Kidole bado kiko juu ya kitufe, ujumbe uko palepale, wote wapo salama, neno wote, nalitazama neno hilo, pazia kule linaingia na kutoka, na sauti ile nyembamba haijaondoka masikioni lakini sasa hainitishi, ni ya mtoto aliye hai, amesimama juani katikati ya watu na ameita, kwa njia pekee anayoijua, na mimi ndiye aliyeitwa. Watanifukuza, sawa, mama wa marehemu atasikia na sijui nitamtazama vipi, sawa, yote hayo yana zamu yake, kwanza Mama Bweni amshike mkono asimwachie mpaka nifike, ni hatua mia mbili kutoka hapa, sitampeleka kwa mshauri kabla sijasema mwenyewe, nitamwambia pale pale, hata kama wote wanasikia, kwamba siku ile hukunidanganya, mwanangu, karatasi ya vichwa ilikuwa mkononi mwangu, nilikuwa nimeshaambiwa.