Majibu kwa Midomo

Kwa heshima na taadhima, nautangazia umma kwamba mimi, bingwa wa bweni letu wa kupitisha majibu ya mtihani kwa midomo bila kutoa sauti, nimestaafu rasmi. Hakukuwa na hotuba wala keki. Nilistaafishwa wodini, mbele ya mama yangu, nikiwa na kamasi puani.

Baba ni fundi cherehani. Miezi mitatu iliyopita alianza kukwama katikati ya sentensi. "Mama watoto, nipe ile... ile ya kukatia." Tulicheka. Mimi nilimwigiza mpaka wateja wakashika mbavu. Kisha siku moja akaanguka juu ya suti ya mtu, akitetemeka mwili mzima, na picha za kichwa zikaonyesha uvimbe upande wa kushoto wa ubongo. Daktari bingwa alisema aina hiyo ameiona mara mbili tu tangu aanze kupasua vichwa. Alisema kama mtu aliyeokota stempu adimu. Mama hakuona cha kujivunia.

Uvimbe ulikuwa jirani na sehemu ya maneno. Kwa hiyo Baba angeamshwa fuvu likiwa wazi, aonyeshwe kadi za picha na kuzitaja, huku daktari akigusa ubongo kwa kijiti chenye umeme kidogo. Akikwama, pale hapakatwi.

Siku moja kabla, mtaalamu wa usemi, mwanamke mfupi mwenye miwani, alikuja na kadi themanini.

"Kadi atakayoshindwa leo naitupa," alitueleza. "Ili kesho akikwama tujue ni mkono wetu, si ugonjwa."

Mama aliitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa napuliza glavu ili nimtengenezee Baba jogoo.

Mtaalamu alikaa akitazamana na Baba, nami nikasimama nyuma ya kiti cha mtaalamu. Nyumba, sawa. Samaki, sawa. Ukaja mkasi. Fundi wa miaka thelathini aliutazama mkasi kama mgeni ambaye hawajawahi kutambulishwa. Jasho likamtoka. Sikuvumilia. Nikafumba midomo, nikaifumbua: m-ka-si.

"Mkasi!" alisema Baba.

"Vizuri sana, mzee."

Tulifaulu kadi zote, mimi na yeye. Nilitoka wodini kifua mbele kama waziri.

Upasuaji ulichukua saa saba. Daktari bingwa alitoka akiwa na alama za barakoa mashavuni.

"Tumeacha kipande," alimwambia Mama. "Kikubwa kuliko nilivyotaka. Kila nikisogea, anakwama. Ningeendelea, ningekurudishia bubu."

"Na hicho kipande, daktari?"

"Kitakua."

Mama alikaa chini palepale koridoni, watu wakawa wanampita kwa pembeni.

Siku ya tatu mtaalamu alirudi na kadi zake.

"Kuna kitu kinaninyima usingizi, mama. Hatukumwonyesha kadi zote, lakini alikwama mara sita, na zote ni kadi tatu zilezile: mkasi, pasi, mwavuli. Nataka kujua kama kweli alizijua tangu mwanzo. Kama hakuzijua, daktari aliacha kile kipande bure, na anaweza kurudi kukikata wiki hii. Kama alizijua, tunaacha ilivyo."

Sentensi moja tu kutoka kwangu ingetosha. Badala yake nilienda kusimama mahali pangu, nyuma ya kiti chake, nikaamua kwamba leo pia Baba atazijua.

Mkasi ulipita. Ikaja pasi. Macho ya Baba, chini ya bandeji, yakapanda juu ya bega la mtaalamu.

"Mzee, kadi iko hapa mkononi mwangu. Huko nyuma unasoma nini?"

Aligeuka. Midomo yangu ilikuwa imebanana, tayari kutoa "pa".

"Endelea, mwanangu," alisema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kofi. "Maliza neno."

Baba alijitahidi. "Mwache... mtoto. Mimi nili... nilimwomba."

"Ulimwomba nini?" Mama alinigeukia mimi. "Alikuomba nini?"

"Hakuniomba kitu," nilisema. "Anaongopa kwa ajili yangu. Nilianza mwenyewe. Bwenini mtu akikwama ndivyo tunavyomwokoa."

"Si uliambiwa kadi akishindwa inatupwa? Hukusikia?"

"Nilisikia, Mama. Nilidhani akishindwa nyingi watamwona hafai, wamrudishe nyumbani hivyohivyo."

Mtaalamu alishafungua daftari. "Zilikuwa tatu?"

"Tano. Kuna popo na puto pia." Kamasi zikanifikia mdomoni, nikaziacha. "Na leo sikuwa namsaidia Baba. Leo nilitaka tu msijue ni mimi."