Siku Tisa Zilizotupwa

Mimi si mtu wa kujisifu, waulize madereva wangu. Lakini kwa hili niacheni nivimbe kichwa, nimekaa kimya miaka ya kutosha.

Kazi yangu ni kupanga magari ya mikate. Bekari yetu ina magari manne na maduka sitini, na kila alfajiri ni mimi ninayesimama mbele ya ubao na chaki, nikiamua gari hili lianzie wapi na limalizie wapi. Huu mwaka wa ishirini na mbili. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, tulimbandika jina la Kwanini tangu ana miaka minne, maana hakuwa na swali lingine. Akakua, akaingia chuo kikuu, akasomea hesabu za kupanga kazi kwa kompyuta. Siku aliyonieleza anachotafiti nilicheka mpaka nikakohoa. Kumbe mtoto anatafuta shahada ya udaktari kwa kazi ninayoifanya kwa chaki.

"Usicheke, Mjomba," akasema. "Gari moja lina maduka kumi na tano. Unajua kuna njia ngapi za kuyapanga?"

"Moja. Yangu."

"Zaidi ya trilioni moja."

Nikamwambia anywe chai yake, inapoa.

Programu yake ilikuwa inachambua hizo trilioni na kuchagua njia fupi. Alikuwa ameiandikia makala na kuituma kwenye jarida la wataalamu. Kwa asiyejua, makala ya namna hiyo haichapishwi hivi hivi. Inapelekwa kwanza kwa wahakiki, watu wasiotajwa majina, kazi yao kuisoma wakitafuta pa kuichana. Yake ilikuwa imerudishwa mara mbili. Safari ya tatu wakaandika kwamba hesabu ni safi, ila imejaribiwa mezani tu. Alete majaribio ya gari halisi ndani ya wiki tatu, la sivyo wanafunga faili. Chuo nacho kilishamwambia: bila makala kuchapishwa hakuna udaktari, na muda wake ulikuwa unakwisha.

Ndipo akaja kwangu. Nilienda kwa mwenye bekari nikamwombea ruhusa, nikaapa kwamba hakuna duka litakalokosa mkate. Tukachukua gari la Babu Gia, dereva mkongwe kuliko hata gari lenyewe. Siku moja atafuata ubao wangu, siku inayofuata atafuata programu. Kila akifika dukani na kila akiondoka ananipigia simu, nami naandika saa kwenye fomu.

Siku ya kwanza ya programu Babu Gia alirudi amechelewa dakika arobaini, anaitukana kompyuta kama vile ni shemeji yake. Nikaitazama ile fomu. Simu ikalia, ujumbe wa Kwanini: "Vipi, Mjomba, tumeshinda?"

Mkono ukaenda wenyewe. Kila duka nikaliandikia dakika nne za kushusha mikate. Msinitolee macho, bekarini tumezoea hivyo. Ripoti ya kwenda kwa wakubwa inapigwa pasi kwanza kama shati la harusi, na hakuna mkubwa aliyewahi kulalamika. Nikaendelea hivyo kila zamu ya programu, mpaka siku tisa zikapita. Kwa fomu zangu, programu ilikuwa inaokoa robo nzima ya muda.

Siku ya tisa Kwanini akaja na kompyuta yake, akakaa kwenye gunia la unga mbele ya meza yangu.

"Mjomba, mbona kila duka dakika nne?"

"Babu Gia ana mikono myepesi."

"Babu Gia ana miaka sitini na tatu na mgongo mbovu."

Nikamwambia yote. Nikamwambia nilitaka ashinde, kwamba mama yake ameshawatangazia majirani kuna daktari anakuja, kwamba sikuweza kumwona anarudishwa mara ya tatu. Nilidhani atalia, au atanishukuru kwa siri. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alifungua lile jedwali, akaziweka alama siku zote tisa, akazifuta mbele ya macho yangu.

Nikapandwa na hasira, sifichi. "Una wazimu? Zimebaki siku kumi na mbili. Hao wahakiki watajuaje?"

"Hawatajua. Watachapisha," akasema, sauti imetulia kabisa. "Halafu mtu fulani ataichukua programu yangu apangie magari ya kupeleka damu hospitali. Mgonjwa ataingoja kwa hizo dakika nne zako, na haitafika."

Nilinywea. Miaka yote hiyo nimepiga pasi ripoti, na sikuwahi kumfikiria mtu anayesubiri upande wa pili.

Kesho yake akapanda gari na Babu Gia, saa ya mkononi na daftari mapajani. Walirudi mchana, nguo zake zote unga. Hakwenda hata kunawa.

"Mjomba, nimeona. Kila duka anashusha trei za watu wengine ndio azifikie anazozitaka. Kisha anazirudisha. Dakika tisa, kumi. Lakini anasema kwenye mpango wako hashushi hata trei moja ya ziada. Kwa nini?"

"Kwa sababu zimepangwa."

"Nani kazipanga?"

"Tanuri," nikajibu, na hapo ndipo mimi mwenyewe nikajisikia nikisema. "Mikate inayotoka tanurini kwanza inaingia kwanza garini, inakaa ndani kabisa. Kwa hiyo mwenye hiyo mikate namfikia mwisho."

"Ndiyo maana gari linalipita duka la kona bila kusimama, halafu linarudi baadaye?"

"Mikate yake iko ndani."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Na mimi sikujua kama najua."

Akacheka, akanikumbatia na unga wake wote. Siku hiyo na iliyofuata alijifungia na programu yake, akaifundisha mpangilio wa trei: kilichoingia kwanza kitatoka mwisho. Zikabaki siku kumi. Zote kumi alipima mwenyewe, garini, na mimi sikuruhusiwa kugusa kalamu. Makala ikatumwa siku ya mwisho kabisa. Faida haikuwa robo tena. Ilikuwa asilimia kumi na moja, na dada yangu aliniuliza kama hiyo ni pasi au ni kufeli.

Miezi miwili baadaye Kwanini akaingia ofisini kwangu na karatasi zilizochapishwa. Wahakiki walikuwa wamesema kipengele cha trei ndicho kipya, ndicho kilichoibeba makala. Nilizipapasa zile karatasi kama mtu anayechagua kitambaa. Kurasa kumi na nane, nyingi zimejaa alama nisizozielewa. Naye amesimama pale, anatafuna mdomo.

"Kuna sentensi moja, Mjomba. Ukurasa wa saba. Ilibidi niiandike. Ukikasirika nitaelewa."

Akanisomea: "Takwimu za siku tisa za mwanzo ziliondolewa, kwa kuwa mratibu aliyezirekodi alitaka mno programu ifaulu."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikavua miwani nikaifuta, na haikuwa na vumbi lolote.

Ukurasa huo nimeubandika kando ya ubao wangu, na sentensi hiyo nimeipigia mstari mwekundu. Kila dereva mgeni namsomea kabla sijampa funguo. Juzi mmoja akauliza huyo mratibu ni nani, na kama alifukuzwa kazi.

"Ni mimi," nikamwambia. "Na aliyenitupia siku zangu tisa ni mtoto wetu. Sasa kaandike saa ulizofika, na uziandike kama zilivyokuwa."