Mastike Chini ya Rangi

Abdias alikuwa soudeur, fundi wa kuchomelea, wa Butembo, mtu wa milango na madirisha ya chuma. Boti haikuwa kazi yake ya kila siku. Lakini Mama Godelive wa Kyavinyonge alipomwita, alishuka ziwani na grupu yake, jenereta ya umeme, akaikuta boti ya zamani ya mama huyo imevutwa mchangani, tumbo lake limeliwa na kutu mahali kumi na moja. Alikata tole mpya, bamba la chuma, akachomelea viraka siku tatu.

Kiraka cha mwisho, nyuma karibu na moteri, kilimshinda. Chuma kilikuwa kimebaki chembamba kama karatasi. Kila alipokigusa na baguette ya kuchomelea, tundu lilizidi kupanuka. Ilifaa akate kipande kizima, na tole ilikuwa imekwisha. Ingebidi apande tena Butembo kutafuta nyingine. Alikuwa amechoka. Alijaza mastike, ile lami laini ya kushikizia vioo, akapaka rangi ya buluu juu yake.

"Iko sawa?" Mama Godelive aliuliza.

"Iko sawa, Mama. Maji haitaingia."

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu, akiwa anafunga kioo kwenye dirisha la mteja, mastike ilibanduka kwa kidole chake tu, pamoja na vumbi la kutu. Abdias aliitazama. Akakumbuka tundu la boti. Alipiga simu ya Godelive, haikupatikana. Akapiga tena, na tena. Boti ilikuwa ianze kubeba watu kesho yake.

Asubuhi na mapema alipanda moto, pikipiki ya kukodi, kupitia Kyondo. Mvua ilikuwa imeacha tope kwenye miteremko, na kila mara motard alipopunguza mwendo, Abdias alimgonga begani. Kwenye barrière ya barabarani askari aligeuza karte yake ya kitambulisho pande zote mbili.

"Unakimbilia nini, papa?"

Abdias aliichukua karte yake, akapanda moto tena.

Alifika saa tatu. Mchangani kulikuwa na alama ya boti tu. Mama Godelive alikuwa anapanga samaki wa chumvi.

"Boti iko wapi, Mama?"

"Ilishatoka, inaenda Kamandi. Kuko nini?"

"Iko na batu ngapi?"

"Makumi mbili na tatu, pamoja na batoto. Abdias, kuko nini?"

Alimwambia. "Kule nyuma sikuchomelea. Niliweka mastike, nikapaka rangi."

Mama Godelive aliacha samaki mikononi mwake wakaanguka, mmoja mmoja.

"Na Nzanzu njo anaiongoza," alisema.

Nzanzu alikuwa mtoto wake wa kwanza.

Wavuvi wawili walisukuma pirogue, mtumbwi wenye moteri, wakaondoka kuifuata boti. Abdias alitaka kwenda nao, wakamkatalia: nafasi hiyo ilihitajiwa kwa wale watakaotolewa majini. Akabaki. Saa nne, saa tano, saa sita. Ziwa lilikuwa limetulia, na utulivu huo ulimtesa zaidi kuliko mawimbi. Wanawake walikuja, mmoja akiuliza dada yake, mwingine bwana yake. Kila aliyeuliza, Mama Godelive alimwonyesha Abdias kwa kidole, na Abdias alirudilia maneno yale yale.

Saa tisa walianza kuona kitu cha buluu. Kilikuja polepole sana. Pirogue, imejaa wanawake na watoto, ilikuwa inaivuta boti kwa kamba. Ndani ya boti wanaume walikuwa wanamwaga maji na mabeseni. Mama Godelive aliingia ziwani na nguo zake, akihesabu vichwa kwa sauti. Makumi mbili na tatu. Na Nzanzu.

Nzanzu alikuwa amekaa nyuma, maji kiunoni, juu ya fungu la pagne, vitenge vya wakina mama alivyozibia tundu. Abdias alimshika mkono ili amwinue, Nzanzu akauvuta.

"Moteri ilizima katikati," alisema. "Kama bale bavuvi hawangefika..."

Akashuka mwenyewe mchangani.

Tole ilitoka Butembo kwa pikipiki kesho yake. Abdias alikata sehemu yote ya nyuma mpaka akafikia chuma kizima, akachomelea ndani na nje. Ilimchukua siku nne. Mama Godelive hakumsemesha hata mara moja. Chakula kililetwa na Nzanzu, naye alikiweka chini na kwenda.

Siku ya tano wasafiri walikusanyika tena. Ndipo Mama Godelive akamgeukia.

"Ubaambie mwenyewe."

Abdias alisimama mbele yao akaeleza: alichokuwa amekifanya, alichokifanya sasa. Mama mmoja alibeba kitunga chake akarudi nyumbani. Wengine walitazamana, halafu wakaanza kupanda.

"Na mimi naenda," Abdias alisema.

Nzanzu alimwonyesha mahali pa kukaa, nyuma kabisa. Mpaka Kamandi Abdias hakuangalia ziwa wala milima. Kiganja chake kilikuwa chini, juu ya chuma, kikipapasa kama kuna unyevu.