Wageni Wakishaondoka

Kupata nafasi katika chumba cha malezi cha kiwanda kile cha nguo ilikuwa bahati ya kuombewa dua, na mshona vifungo alikuwa amepata mbili: moja ya binti yake aliyeanza kutambaa, nyingine ya mama mkwe wake, ambaye miguu ilishaanza kugoma na kumbukumbu zikawa za kuja na kuondoka. Mume alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani anaonekana kama mwezi mwandamo. Bila chumba kile, cherehani angeiaga.

Kwa hiyo meneja alipomtaka atoe shukrani mbele ya wanunuzi wa nguo, waliokuwa wanakuja kukagua jinsi wafanyakazi wanavyotunziwa familia zao, alikubali kabla maneno hayajaisha kinywani mwa bosi. Meneja alimwahidi kwamba akizungumza vizuri, nafasi zake zitakuwa za kudumu.

Asubuhi ya ugeni alipita chumbani kumnyonyesha mtoto. Sakafu inanukia dawa, mapazia mapya, midoli bado imo kwenye nailoni na watoto wamekatazwa kuigusa. Wazee wamepangwa kwenye viti kama vyombo kabatini. Mlezi mkuu, ambaye wote walimwita Manukato kwa vile alinusika kabla hajaonekana, alikuwa anawapangusa nyuso. Mama mkwe alikuwa analamba midomo, na midomo yenyewe imepasuka. Mshona vifungo akachungulia jagi la maji. Kavu, limefunikwa kwa kitambaa cha maua.

Aliuliza. Manukato alimweleza bila haya, kama mtu anayefundisha kupika wali: siku za wageni wazee hawapewi maji wala chai mpaka wageni waondoke, maana wakinywa wanajikojolea, na mkojo haupendezi kwenye picha.

"Si unamjua mkweo," alisema. "Ukimpa kikombe, anakirudisha kwenye kiti."

Akacheka, akampiga begani kirafiki. Kengele ya kazi ikalia, mlango ukafungwa, mshona vifungo akajikuta nje. Kumbe ndiyo sababu ya zile jioni ambazo mama mkwe alifika nyumbani akaivamia ndoo ya maji kwa viganja! Yeye alidhani ni uzee.

Alimfuata shoga yake wa meza ya pasi, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuna habari iliyowahi kumpita. Redio hata hakushtuka. Alisema hilo ni la zamani, kila mtu analijua, baba yake mwenyewe yumo mle na hajafa.

"Shoga, ni nusu siku tu. Kashukuru, tulale."

Huku anasema, anaipitisha pasi juu ya kola, mvuke unafuka. Pasi ilikuwa imejazwa maji mpaka shingoni. Mshona vifungo alishindwa kumtazama usoni.

Wageni waliingia chumba cha malezi na tabasamu zao, kila mmoja na chupa ya maji baridi inayotoka jasho. Mmoja wao, mama wa makamo, aliinama mbele ya mama mkwe, akamsogezea chupa yake huku mpiga picha akijiweka sawa. Bibi aliikodolea macho chupa ile, kisha akairudisha kwa adabu zote.

"Hapana, mwanangu, kunywa wewe. Sisi tunakunywa mkishaondoka."

Meneja akaangua kicheko, akasema wazee hawa wana utani sana. Wageni wakacheka. Redio, aliyeletwa kupiga makofi, naye akacheka. Kisha meneja akamwashiria mshona vifungo aanze.

Mshona vifungo akaiacha hotuba yote aliyoikariri.

"Hatanii," alisema. "Hajapewa maji tangu asubuhi, wala hawa wengine. Wanakaushwa ili wasikojoe kwenye picha zenu."

Akaichukua chupa mkononi mwa mgeni bila kuomba, akamnywesha mkwewe. Baba yake Redio akanyoosha mkono. Na mwingine. Wageni walizitoa chupa zao kwa ncha za vidole, kama watu wanaolisha mnyama wasiyemjua. Haukupita muda, kiti kimoja kikaanza kudondosha matone. Mgeni wa makamo akajiziba pua kwa skafu, akauliza ukumbi wa cherehani uko upande gani. Wakaenda.

Jioni meneja alimwambia nafasi zake wamepewa wenye shukrani. Redio alimlaumu njia nzima mpaka getini, kwamba sasa chumba kikifungwa baba yake atampeleka wapi, na kwamba kuna watu hawajui kula na wenzao. Mshona vifungo alikaza kanga. Mtoto mgongoni, mkwe mkononi, wakaenda hatua kwa hatua.

Nje ya geti mama mkwe alisimama, akainamisha kichwa.

"Nimejilowesha, mwanangu."

"Vizuri, mama," alisema, akautemea mate ukuta wa kiwanda, akamshika mkono vizuri zaidi.