Upande wa Juu wa Yai

Usingizi ulinichukua jana mchana nikiwa nimekaa kitini, na katika ndoto nilikuwa nimekaa vilevile, ila ndani ya kizimba cha kioo cha nyoka wa marehemu mke wangu.

Nieleze kwanza. Nakijwa alifuga nyoka wa mahindi, nyoka wekundu wa kigeni wasio na sumu, hapahapa nyumbani kwetu Usangi. Wiki mbili kabla hajafa, jike lake Tangawizi lilitaga mayai kumi na mawili. Aliyalaza kwenye kasha la plastiki juu ya makumbi ya nazi yaliyoloweshwa, akatia nukta ya penseli juu ya kila yai, akaniambia, "Nukta itazame juu mpaka siku ya sitini. Ukiyageuza, mtoto anazama humohumo."

Siku ya mazishi, nikilificha kasha ili wageni wasilione, liliniponyoka. Nukta zote zikatazama chini. Nililigundua hilo baada ya siku mbili, nikayarudisha. Sikumwambia mtu. Nani angenipa pole kwa jambo kama hilo? Jana ilikuwa siku ya sitini na nne, na kasha lilikuwa kimya.

Basi nimekaa kizimbani. Taa ya joto inanitazama kutoka juu.

"Nyuzi ishirini na nane," inasema. "Usiheme, unapandisha joto."

"Sihemi."

"Unahema. Naona ukungu kwenye kioo."

Waombolezaji wanaingia kwa foleni, kila mmoja na hindi la kuchoma, kwa sababu wamesikia ni nyoka wa mahindi. Tangawizi amejiviringisha juu ya mkeka, macho yamekuwa ya buluu kama ya nyoka anayekaribia kujivua gamba. Anapokea kila hindi kwa adabu.

"Asanteni sana. Ingawa sisi tunakula panya."

"Jamani! Tungejua tungekuja nao," anasema mama mmoja wa kwaya.

Wa mwisho ni shemeji yangu Namsifu, dada mkubwa wa Nakijwa. Ameshika birika linalofoka mvuke.

"Shemeji, nilikwambia tangu Jumapili. Hayo madudu yamwagiwe maji ya moto, nyumba yako ifanane na nyumba za watu."

Kisha ananinyooshea mkono wa pole. Tangawizi anainua kichwa.

"Huyo ameshakula. Aliyekula haguswi siku mbili, atatapika."

"Amekula nini?"

"Ugali na maharage. Peke yake."

Namsifu anafikiri kidogo, anarudisha mkono. Wengine nao wanarudisha mikono yao. Wanatoka mmoja mmoja bila kunigusa. Siwalaumu, ni kanuni ya kufuga nyoka.

Mlango unapofungwa, kizimba ni darasa. Mayai kumi na mawili yamekaa kwenye madawati, nukta juu. Mimi nimesimama mbele na sina chaki.

"Mwalimu," linasema yai la dirishani, "juu ni wapi?"

Nanyoosha kidole kwenye dari.

"Una hakika? Maana nyumba ilipinduka Jumamosi, ikapinduka tena Jumatatu."

"Ni mimi," nasema. "Niliwaangusha. Nilikuwa na haraka, na niliona aibu mbele ya wageni."

Mayai yananong'onezana. Yanachukua muda mrefu, kama wazee wa kanisa.

"Wawili wamekufa," linasema yai la dirishani. "Wale wa nyuma. Sisi tulishikilia kuta. Mama yuko wapi?"

"Tangawizi?"

"Huyo ametutaga tu. Yule mwingine, anayeimba kwa pua akinyunyiza maji."

"Huyo hayupo."

"Anarudi lini?"

Natazama ubao. Hauna kitu. "Harudi," nasema. Ni mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo kwa sauti, na taa ya joto inashuka nyuzi moja.

"Basi gamba likitukwama mkiani, nani atatubandua?"

"Mimi."

"Unajua?"

"Nilikuwa namshikia beseni."

"Kushika beseni si kujua."

"Nitajifunza. Nitalowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, niwaache mpite wenyewe katikati yake. Nimemwona akifanya hivyo."

"Ungeanza na hilo la kitambaa," linasema yai.

Sasa darasa limesinyaa mpaka linanigusa mabega. Kuta ni nyeupe, laini kama ngozi, na nimekunja magoti kifuani. Sijui niko humu tangu lini. Kwa nje nasikia watu wakila, wakicheka, wakiagana. Napiga kelele, na kelele yangu inazunguka kidogo kisha inarudi kukaa nami.

"Hapo hapafunguki kwa kelele," inasema sauti ndogo upande wa pili wa ukuta. "Huna jino?"

"Ninayo mengi."

"Hayo ni ya kutafunia. La mlangoni, la kupasulia yai, linakaa puani, moja tu. Chukua langu, mimi nimeshatoka."

Kitu chembamba kinapenya ukutani na kunigusa mdomo wa juu. Ni baridi.

"Kata kuelekea juu," inasema.

"Juu ni wapi?"

"Mwalimu!"

Nakata. Mwanga unaingia kama uzi, na mtu ananishika kichwa kwa viganja viwili, bila kuogopa kwamba nimekula. Sikuwahi kumwona ni nani.

Nilizinduka kitini, jua likiwa bado kwenye paa la jirani. Kulikuwa na kitu kimenata juu ya mdomo wangu. Nilikibandua kwa kucha na kukiweka kiganjani. Kilikuwa jino, dogo kuliko chembe ya chumvi, bado lina unyevu.

Nilipitisha ulimi kinywani, nikayahesabu ya kwangu. Yalitimia.